Salamu za Mzee Kijana

Jumapili, 4 Mei

Nilikuwa napiga pasi. Jumapili ni siku ya pasi na redio, hata sasa. Makaa yalikuwa yameshika vizuri. Nguo zangu nilishamaliza, nikawa kwenye blauzi ya jirani, pasi yake imetoboka. Kipindi cha salamu kikaanza. Wycliffe alikipenda kipindi hicho kuliko chai. Tangu tumzike kwao Butere mwezi wa pili, nakiacha tu kiongee humu ndani.

Mtangazaji akasoma: salamu hizi zatoka kwake Mzee Kijana wa Lindi, Kibera. Anamsalimu mke wake mpendwa, Mama Sheila, popote anaposikiliza. Anawasalimu wapenzi wote wa salamu pale Kawangware. Ujumbe wake, tusisahauliane. Anaomba rumba, ya zamani.

Mzee Kijana ni Wycliffe. Ndilo jina alilojipa redioni. Lindi nzima hakuna mwingine. Mama Sheila ni mimi.

Blauzi imeungua mgongoni. Alama ya pasi nzima, na ncha yake.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeangalia simu yake. Iko palepale, ndani ya sufuria kubwa ya wageni, na laini yake ndani. Imezimwa. Niliizima mwenyewe baada ya mazishi. Kila ikilia nilikuwa nataka kusema yuko bafuni, piga baadaye.

Jirani hakukasirika kuhusu blauzi. Alisema, "Mzee alikusalimu jana," kisha akafunika mdomo. Kwa hiyo sikuota.

Asubuhi nilinunua mandazi mawili. Bado nanunua mawili. La pili nalila baadaye nikijifanya nina njaa.

Mchana nilikaa kwenye cherehani yangu. Nilikosea kushona kola ya sare ya mtoto wa mteja, nikaifumua, nikakosea tena.

Jumamosi, 10 Mei

Kawangware, kwa Jentrix. Ni rafiki yangu tangu tulipojifunza cherehani pamoja. Jumamosi yetu ni mitumba. Jentrix hanunui nguo kabla ya kuigeuza ndani nje, kuinusa na kuitukana. Leo aliinua sweta moja akasema, "Hii imevaliwa na watu watatu na wote walikuwa wanakohoa."

Muuzaji akamwambia, "Mathe, si uende supermarket."

"Huko nitatukana nani?"

Alinunua sweta hiyo hiyo. Mimi nilipapasa mashati ya wanaume mpaka nikakumbuka. Nikaondoa mkono.

Nilimweleza kuhusu salamu. Hakucheka. Alinishika mkono tukatembea. Tulipofika kwa wauza sukumawiki akasema, "Labda huko juu network iko poa kushinda huku kwetu." Nikacheka. Nilishindwa kuacha. Ikabidi tukalie gunia la mtu.

Jumapili, 11 Mei

Tena.

Mzee Kijana wa Lindi anamsalimu mke wake, kisha Nyota ya Asubuhi, pale soko la Kawangware, asiyechoka kumkumbuka.

Nyota ya Asubuhi. Nimelisikia redioni mara nyingi, sikuwahi kuuliza ni nani. Ni jina la mwanamke.

Nimeshtuka kuliko Jumapili iliyopita. Aliyekufa akikusalimu unaogopa. Akimsalimu mwanamke mwingine unakasirika. Sikujua bado naweza kumkasirikia. Nimemkasirikia mchana kutwa. Nimemwuliza maswali nikiosha vyombo. Alikuwa mlinzi kule Nyayo Highrise, zamu ya usiku, mchana analala. Kawangware alikuwa anaenda saa ngapi?

Ilikuwa karibu kama yuko.

Jumanne, 13 Mei

Nyota ya Asubuhi ni mwanamume.

Jentrix alikuja amevaa raba, akasema mtu haendi kugombana akiwa na viatu vya kanisa. Tuliuliza sokoni. Kila mtu alimjua. Tukaonyeshwa kibanda cha fundi wa viatu. Baba mnene, masharubu mazito, aproni imejaa gundi. Jentrix alimtazama juu mpaka chini. "Hii si nyota," akaniambia. "Huu ni mwezi mzima."

Nilipojitaja alisimama, akapangusa mkono ndipo akanipa. "Shemeji! Mzee amepotelea wapi? Simu haiingii."

Kisha akaeleza, bila kujua ananieleza nini. Wapenzi wa salamu wana desturi yao, kushikiana zamu. Mmoja akiishiwa na kredo, au simu yake ikiibwa, mwenzake anatuma salamu kwa jina lake, ili jina lisipoe. Wycliffe alimshikia Nyota zamu kipindi chote cha korona. Sasa mtangazaji alikuwa ameuliza hewani Mzee Kijana wa Lindi alienda wapi, Nyota akaona aibu kwa niaba yake. Akaanza kutuma. Alijua Wycliffe hatumi salamu bila kuanza na mke wake, na mara nyingi humtaja na yeye Nyota.

Hawakujua amekufa. Hakuna aliyewaambia. Mimi niliwajua kwa majina ya redio tu, na nilipokuwa nawapigia watu habari za msiba sikuwa na namba ya nyota yoyote.

"Kwani mzee yuko wapi?" akauliza.

Nikasema yuko nyumbani Butere. Nikasema ni mgongo, anaendelea vizuri.

Maneno yalitoka yenyewe. Jentrix alinitazama kama vile nimevua nguo katikati ya soko.

Jumapili, 18 Mei

Webuye, ugua pole Mzee Kijana. Homa Bay, ugua pole. Mama mmoja wa Voi, simjui, anamwombea. Nyota amewaambia wote. Mtangazaji naye akaongeza pole yake, akacheza rumba bila kuombwa.

Watu wanamtakia marehemu mgongo mzuri, na ni mimi niliyewatuma.

Jentrix alipiga simu. "Mama Sheila, hayo maneno yamefika Voi. Ukichelewa yatavuka mpaka."

Nilimwambia nitasema kesho.

Lakini sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Jina lake lilitajwa zaidi leo kuliko siku ya mazishi. Nikinyamaza, atanisalimu kila Jumapili mpaka nizeeke. Nikisema, atakufa tena, na safari hii nitakuwa mimi niliyemwua.

Jumatatu, 19 Mei

Sikusema.

Jumatano, 21 Mei

Alikuja mwenyewe. Aliuliza njia Lindi nzima na kila mtu akamwonyesha mlango wangu. Nina hakika hawakumwambia kitu, kwa sababu aliingia anatabasamu. Alikuwa amebeba koti kwenye mfuko.

Koti zito la kijivu, la mitumba, amelifua na kulipiga pasi. Butere asubuhi kuna baridi, alisema, na mgongo haupendi baridi. Amezunguka soko zima. Mikono ya mzee ni mirefu, aliiona walipokutana kwenye sherehe ya wapenzi wa salamu, kwa hiyo alikuwa akienda na kinyozi wa jirani kila banda, ndiye mwenye mikono kama yake, anampimia. "Lishike juu shemeji, niambie kama litamfika."

Nililishika. Nikaliona. Miaka yote ya ndoa nilimtafutia mtu huyu koti, na kila moja lilimwishia juu ya kifundo cha mkono. Alikuwa anaenda kazini mikono imetoka nje kama mtoto aliyekua ghafla. Hili lingemfika. Nyota alipata kile nilichokosa mimi.

Sikuweza kumwambia litamfaa.

Nikasema, "Wycliffe alifariki mwezi wa pili. Tumemzika. Nilikudanganya."

Alikaa kitandani bila kukaribishwa. Kisha akauliza, "Hata ile Jumapili ya kwanza niliyotuma?"

"Hata hiyo."

"Kumbe nimekuwa nikimsemea marehemu."

"Ulikuwa unanisalimu mimi," nikamwambia.

Alilia. Mtu mkubwa vile, kitanda kilikuwa kinalia naye. Mimi sikulia, nilipika chai, maziwa mengi. Niliogopa atanifokea. Angekuwa na haki. Alikunywa, akashika kikombe hata kilipoisha. Aliniambia Wycliffe alikuwa akimpigia kutoka getini, akiwa kazini, wanabishana rumba gani ina gitaa tamu. Sikujua. Nilidhani kule getini alikuwa peke yake.

Nilimwambia alichukue koti. Alijaribu. Halikufunga tumboni hata kidogo. Tulicheka, kidogo tu. Akaondoka nalo begani.

Mlangoni aligeuka. "Sasa Jumapili nitume nini, shemeji?"

Alipouliza hivyo nilijua bado ningeweza kumzuia. Jumapili moja tu zaidi. Angekubali, niliona usoni mwake.

Nikasema, tuma ukweli. Na jina lake halisi.

Jumapili, 25 Mei

Mvua asubuhi. Sikuenda kanisani.

Mtangazaji alisoma polepole. Marehemu Mzee Kijana wa Lindi, Kibera, kwa jina halisi Wycliffe. Ni mara ya kwanza kusikia jina la kwetu nyumbani likisomwa redioni. Halafu akasema pole kwa Mama Sheila. Sikushtuka. Nilidhani nitashtuka.

Rumba ilichezwa mpaka mwisho. Kwa kawaida huikata. Upande wa pili wa ukuta, redio ya jirani ilikuwa inacheza hiyo hiyo, nyuma ya yangu kidogo tu, kama mtu anayejifunza wimbo.

Kisha kukaja salamu za baba mmoja wa Webuye. Mke wake amejifungua mapacha. Anaomba benga.

Benga ikaanza. Sikubadilisha stesheni. Mvua ilikuwa imekatika, nikatoka kuanika nguo.