Golikipa Ndani ya Riwaya ya Mapenzi

Dada Mwamvua,

Shikamoo. Ulivyonilea, siwezi kuanza kukugombeza kabla sijakuamkia. Maana leo nakugombeza.

Kitabu chako kimenishinda. Yule mchapishaji wa Dar aliyekaa kimya ulipokuwa hai, sasa ndiyo amejibu. Anasema mwanzo ni mzuri mno: Salma, nesi wa mtaa wa Bangwe, anampenda Daudi, kuna mtu anamfuata kila akitoka zamu, na hatujui kama mtu huyo ni Daudi mwenyewe. Mapenzi na hofu, yuko tayari kuchapa. Halafu anatokea jini mdogo wa ziwani anayeomba kubebwa. Mchapishaji anauliza, huyu kafuata nini hapa?

Hata mimi nilikuuliza, Dada, wewe ukisimulia, mimi vidole vimekufa ganzi juu ya taipureta. Ukacheka: "We piga tu." Nikapiga. Nikapiga mganga anayetibu kwa nyimbo. Nikapiga mhubiri asiyejua kunyamaza. Kisha Salma, roho mkononi, anamkimbia muuaji, mara anasimama kutazama mpira. Mechi nzima! Muuaji naye sijui alikuwa amekaa upande gani wa uwanja.

Sharti la mchapishaji ni kwamba niyatoe yote hayo, wabaki Salma na Daudi. Nawe ulitamani kuliona jina lako juu ya kitabu tangu enzi zile ukinisimulia hadithi tukianika dagaa. Basi nikaanza kukata. Nilikata kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya jini. Ulisema ni homa tu. Ukanituma karanga sokoni. Nimerudi na karanga, watu wamejaa mlangoni. Mtu anaondoka hivyo?

Sasa sikiliza. Konsolata, uliyempa chumba cha uani alipokimbia kutoka Burundi, ameambiwa ahamie kambini pamoja na wakimbizi wengine wanaoishi hapa mjini. Jana, akifunga mizigo, aliniomba nimsomee kitabu chako kabla hajaondoka. Nikafurahi. Nikamsomea kile nilichokwisha kusafisha, nikijisifu moyoni. Salma anakimbia, Daudi yuko nyuma yake, hakuna wa kuwasimamisha njiani.

Konsolata akaacha kufunga. "Mama Idi, Melkiori wangu umemweka wapi?"

Nikamwambia kitabuni hamna mtu wa jina hilo.

"Golikipa," akasema, kisha akamwita Mungu kwa Kirundi. "Mana yanje, umemtoa golikipa!"

Ndipo akanieleza mliyokuwa mkiyafanya barazani mimi nikiwa kazini. Kumbe walikuja wanawake wa Burundi na wa Kongo, kila mmoja na mtu wake asiyejua aliko, nawe ukiwaambia, "Nipe, nitamweka humu." Ukamtia kila mtu vilevile alivyo. Melkiori, mume wa Konsolata, alikuwa golikipa, basi akapewa mechi. Mganga ni baba wa mmoja wao, mhubiri ni kaka wa mwingine. Na jini, Dada! Jini ni mtoto wa yule mama wa Uvira, kule Kongo; mtoto alitumbukia ziwani wakati wanavuka kuja huku. Mama yake alitaka awe bado anaishi humo majini.

Kwa nini hukuniambia? Ningegombana nawe vilevile, lakini ningejua nagombana na nini. Nani anakusanya jamaa za watu waliopotea ndani ya riwaya ya mapenzi halafu anamficha mpiga chapa wake, tena mdogo wake wa tumbo moja?

Nikazirudisha kurasa nilizozitoa, nikamsomea mechi yote. Golikipa anatemea viganja, anaruka, anapangua, uwanja unalipuka. Konsolata alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna cha kurekebisha.

Akafikiri. "Umvalishe sweta. Aliondoka bila sweta, na kwetu kule milimani kuna baridi."

Nikaingiza karatasi, nikapiga sweta mbele yake. La bluu, la mikono mirefu, yeye ndiye aliyechagua. Nililia, sikufichi, na makosa nimeyapiga mengi. Leo asubuhi lori limemchukua.

Kitabu nakirudisha Dar kizima, na mhubiri wako na kelele zake. Kitakataliwa, tusidanganyane. Kikikataliwa nitakipeleka kwingine, na kwingine tena. Umenichosha ukiwa hai, unanichosha ukiwa kaburini, na nyumba haikaliki bila wewe. Lala salama, Dada. Nakuahidi humo simtoi mtu tena.

Niishie hapa, nina mgeni. Yule mama wa Uvira, ambaye zamu yake ya lori bado, amekaa barazani tangu alasiri. Anasema mwanawe sasa angekuwa amefikia umri, anaomba aanze shule. Jini, Dada. Darasa la kwanza. Na Daudi yuko nyuma ya mlango na kisu! Nimeshaingiza karatasi, namuuliza mama yake sare imkae vipi.

Mdogo wako,
Tatu