Huko Tunakokwenda Hakuna Mtandao

Mpendwa Papa Gracia,

Ule mti wa pichi hapa uani umetoa maua tena. Zamani ungesimama chini yake na kikombe chako cha chai, sare ya ulinzi umeivaa nusu, ukanipigia kelele dirishani: "Mama Gracia, baridi imekwisha! Tutoke mu ville, mu hii muji!" Mwaka huu aliyejaribu kupiga kelele ni mwanao Beni. Lakini alisema kwa Kiingereza, na sauti yake bado nyembamba, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi tena. Unapiga Jumamosi, unauliza watoto wamekula nini, unaniambia Lubumbashi kuna joto, halafu sauti inakatika. Barua haikatiki. Wala sioni haja ya kuifunga hii. Mtaa wetu mzima wa Bellevue, kuanzia saluni yangu hadi kanisani, inaijua habari yetu kuliko unavyoijua wewe. Ulikwenda kumzika mama yako ukasema ni wiki chache, na hii ni Septemba ya pili.

Basi nina habari. Nimechagua mahali pa kuwapeleka watoto wikiendi hii. Nimechagua mimi, peke yangu, na nitakuambia ni wapi, ila kwanza uniache nikukumbushe tulivyoanza mchezo huu wa kutoka mjini kila Septemba.

Ulikuwa bado mgeni kazini, unalinda mlango wa yale maduka, na wenzako walikuwa wamekusimulia habari za milima ya Magaliesberg. Ukarudi nyumbani umejaa maneno: "Siku ya posho tunaenda ku mulima. Bote." Siku ya posho ni Jumamosi, hilo nililielewa. Mlima pia niliuelewa, au nilidhani nimeuelewa. Mimi nililelewa na mama aliyepanda mlima kwa sababu moja tu, kufunga na kuomba. Nikaona ajabu kubwa, mume wangu amekuwa mtu wa sala! Asubuhi ile nilivaa kitambaa cheupe, nikawanyima watoto chai, nikatia mkobani Biblia, chupa ya maji na kichupa cha mafuta ya upako. Wewe ulibeba mfuko wa makaa. Niliuona, nikafikiri ni wa ubani.

Njia nzima, ndani ya gari la Papa Jozue fundi cherehani, nilikuwa naimba. Tulipofika nikakuta watu wamevaa kaptura, watoto wako mtoni, moshi wa nyama kila upande. Ukafungua mkoba wangu ukachungulia. Ukaupindua.

"Chakula iko wapi?"

"Chakula gani? Si ulisema mulima?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Gracia alikuwa analia kwa njaa, Beni analamba chupa ya maji, mimi na kitambaa changu cheupe nimesimama kama bibi harusi aliyekosea ukumbi. Yule mama wa Kizulu wa kando yetu ndiye aliyetuokoa. "Wozani nizodla," akasema, njooni mle, akatusogezea ugali wao, bukari kabisa, na soseji ndefu iliyojikunja. Ukala ukiwa bado unafuta machozi. "Mama Gracia," ukasema, "sijapata kuona sala inajibiwa haraka hivi."

Tangu siku ile kila Septemba ilikuwa vita vitamu. Wewe ulitaka bwawa la Hartbeespoort kwa sababu ya mashua, mimi nikitaka kivuli na mahali pa kunyoosha miguu iliyovimba kwa kusimama saluni, na watoto walitaka maji, maji ya aina yoyote. Mwishowe wewe ndiye uliyechagua, na ukachagua vizuri, hata kama nilijitia kununa ndani ya gari. Nilikuwa napenda kununa nikijua kuna mtu wa kunibembeleza.

Mwaka jana hatukwenda popote. Huujui mkasa huo, maana watoto niliwaambia wasikuambie. Ulikuwa umesema utapiga Jumamosi ile na habari kubwa ya tarehe ya kurudi. Nikafunga saluni mapema. Simu nikaiweka pale kwenye kizingiti cha dirisha ambako mtandao haukatiki, nikawaambia watoto kwamba hatuwezi kutoka, Papa atapiga. Walikaa. Nilikaa. Nilipika kidogo, nikafagia palipokwisha fagiwa. Hukupiga. Jioni nilipomvua Gracia gauni aoge nikakuta chini yake amevaa nguo ya kuogelea. Alikuwa nayo tangu asubuhi. Akaniambia, "Nilifikiri Papa akishapiga, labda tutawahi." Nilimmwagia maji kichwani ili asinione uso.

Jumamosi iliyofuata ulipiga ukasema line ilikuwa mbaya. Nilikubali. Nimekubali mengi. Kwanza ilikuwa mambo ya matanga, kisha hati za kupita mpaka, kisha kazi kidogo kwenye gereji ya binamu yako ili upate nauli. "Vumilia kidogo, mwezi wenye kuya minarudi." Kila mara ni mwezi ujao. Sikuulizi kama kuna mtu huko. Nimekusikiliza vya kutosha, na sijasikia sauti ya mtu mwenye furaha. Ninachosikia ni sauti ya mtu aliyechoka kutafuta sababu, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Sasa mwaka huu Gracia alichukua simu yangu akaanza kutafuta. Amefika umri wa kunizidi maarifa, binti yako. Kila alipopata mahali ananipa nizungumze na wenyewe, nami mikono iko kwenye nywele za mteja, simu nimeibana kwa bega. Nilikuwa nauliza kama kuna kivuli, kama mto una kina, na mwishoni kila mara, "Kuna mtandao?" Kule bwawani upo, lakini sikukuu hii ya Septemba, ambayo nchi nzima hapa huchoma nyama, watu watakanyagana. Bustani ya maua ya hapa mjini inao pia, ila hakulali mtu, na Beni alikunja uso kama aliyepewa dawa. Kisha Gracia akapata kijumba kimoja Magaliesberg, shambani kwa mama mmoja mzungu wa Kiafrikana, kijito kinapita mlangoni, miti mikubwa. Nikauliza swali langu.

"Hapana, mama," akajibu mwenye shamba. "Huku bondeni hakuna kabisa. Mpaka mpande tena hadi barabara ya lami."

Nikasema asante, nikakata. Gracia alikuwa anafagia nywele sakafuni. Hakuinua kichwa.

"Ni kwa sababu ya Papa?" Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini "Papa" alilitamka kwa Kiswahili.

Nikamwambia anajua kwamba Papa hupiga Jumamosi.

"Mara nyingine hapigi," akasema. Kisha, taratibu, "Mama, tukienda huko, yeye akipiga asitupate, si atajua vile inakuwaga?"

Nilimkemea. Nilimkemea mbele ya mteja, nikamwambia hivyo sivyo mtu anavyomsema baba yake. Lakini vidole vilikataa kusuka. Mteja akanisubiri, akasema, "Eish, sista, pole," na mimi sikuwa nimemweleza kitu.

Halafu akaja Mama Pasta wa kanisani kwetu. Anataka wikiendi hiyohiyo nipande kile kilima cha mawe juu ya Yeoville, nifunge kwa ajili ya kurudi kwako. Unajua mimi sidharau sala. Nimekipanda kilima kile kwa ajili yako mpaka walinzi wa pale wananisalimia kwa jina. Nimefunga, nimelia, nimeshuka magoti yamechunika, na watoto wamebaki nyumbani na mkate. Nikamtazama Mama Pasta na kitambaa chake cheupe, nikajiona mimi wa siku ile, na kichupa changu cha mafuta. Nikamwambia, "Mama, mlimani nitakwenda. Lakini safari hii ninakwenda na sufuria." Alidhani nimerukwa na akili. Ungekuwepo ungekaa chini kwenye nyasi tena.

Alipotoka nikampigia yule mama wa shamba.

Usidhani nimekukomoa. Gracia ana hasira, ni haki yake, nami ninayo pia na sitaificha. Nina hasira nawe, Papa Gracia. Nina hasira kwa ajili ya ile nguo ya kuogelea. Lakini sikuchagua kijito kile kwa hasira. Nimekichagua kwa sababu Beni anataka kukamata kaa, na kwa sababu nataka siku mbili sikio langu lipumzike. Hujui ilivyo kuishi na sikio moja kwenye simu. Hata usingizini naisikia ikilia, naamka, hakuna kitu.

Na ninakukosa. Nakukosa hasa nikiwa nimenuna na hakuna anayenibembeleza.

Nikuambie hofu yangu yote. Siogopi upige usitupate. Naogopa usipige, nami niwe bondeni kule nacheka na watoto bila kujua. Jumapili tutapanda hadi barabara ya lami, simu itazinduka mkobani, na ama itatetemeka ama itanyamaza. Nimefikiri sana juu ya dakika hiyo. Nimekaribia kumpigia tena yule mama nimwambie tunaahirisha. Jana usiku Gracia alipanga mizigo, akaniuliza kama nguo ya kuogelea aivae ndani au aiweke begini. Nikamwambia aivae.

Papa Jozue atatupitia kesho asubuhi. Kuku nimeshamtia viungo, bukari nitasonga hukohuko, na makaa nimenunua mwenyewe.

Bakia salama huko uliko. Usipopiga Jumamosi, sitajua, na nimeamua kuvumilia kutojua. Ukipiga, yule mwanamke wa kwenye simu atakuambia kwamba hatupatikani. Usihangaike, hatujapotea. Tuko mlimani, tunakula.

Mama Gracia