Vidonge Nilivyompa Mwenyekiti

Jumanne. Kusi inavuma tangu alfajiri. Nimefunga madirisha yote ya zahanati na bado vumbi limo mpaka kwenye chai. 

Naandika hapa kwa sababu kwenye muhtasari wa kamati haya hayamo.

Mimi ni mganga wa zahanati ya Kilangala, na mpaka jana nilikuwa pia katibu wa kamati ya mbio za baiskeli ya wilaya. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko mzuri. Kanuni za mashindano niliziandika kwa mkono wangu, na mojawapo inasema mshindani asitumie dawa yoyote ya kumwongezea nguvu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, alinijia Mwenyekiti wetu, Ndugu Mkwanda. Alizunguka kwanza. Akauliza habari za wagonjwa, akasifu mihogo yangu, ndipo akasema anataka vile vidonge vya pumu vinavyokimbiza moyo. Vya kumpa Hamisi, mshindani wetu.

Nikamwambia ni hatari.

"Wilaya hii haijapeleka mtu mbio za taifa hata mara moja, daktari," akasema. "Wenzetu wa mikoa mingine wanavila. Sisi tu ndio tujifanye mawalii?"

Nikampa vinne, nikavifunga kwenye karatasi. Hakunitisha wala hakunihonga. Nilitamani tu na mimi siku moja nisikie Lindi inatajwa redioni.

Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Hamisi ni mkulima wa hapa kijijini. Kila msimu hubeba magunia ya korosho kwa baiskeli kutoka shamba la pamoja, na miguu yake imekomaa kwa kazi hiyo, si kwa mazoezi ya mtu yeyote. Mwenyekiti alimwambia vile ni vitamini kutoka mkoani. Jumamosi akavimeza vyote vinne kabla ya mbio kuanza.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji alimpita Anselmo, seremala wa wilaya hii hii, ambaye miaka yote ndiye anayemwacha pale pale. Alifika Lindi wa kwanza. Watu wakambeba juu. Walipomshusha akatapika, akaanguka. Nilimshika mkono kupima mapigo nikashindwa kuyahesabu. Mkewe, Somoe, alikuwa amempakata kichwa.

"Daktari, mume wangu ana nini?"

"Jua," nikasema.

Alilazwa hospitali mpaka Jumapili, moyo ukatulia. Alhamdulillahi. Lakini neno lile nilikwisha kulisema.

Jana kamati ilikutana mjini kuthibitisha mshindi wa kwenda Dar es Salaam. Anselmo aliomba kuingia. Hakumshtaki mtu. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Naomba kuuliza tu, ndugu zangu. Hamisi alinipita macho yamemtoka, namwita hasikii. Mtu huyo mmempima?"

"Kamati imeridhika," Mwenyekiti akajibu.

Nami nikaandika: kamati imeridhika. Kwa mwandiko mzuri.

Anselmo akashukuru, akatoka. Tulipopumzika, Mwenyekiti akanivuta pembeni. Akasema safari ya Dar ni ndefu na washindani wa huko ni wakali, kwa hiyo safari hii niandae vinane.

Vinane.

"Sitoi," nikasema. Akacheka, akidhani natania. Tuliporudi kuketi nilisimama nikawaambia wajumbe wote: Hamisi alikula dawa, dawa nilitoa mimi, aliyeitaka ni Mwenyekiti, na Hamisi mwenyewe hakujua. Wajumbe ni watatu. Mmoja aliangalia dari. Wawili walimwangalia Mwenyekiti, wasikie atasema nini ndipo wajue wao wanaona nini.

"Katibu amechoka," akasema Mwenyekiti. "Na jambo hilo halimo kwenye ajenda."

Wakachukua daftari la muhtasari mikononi mwangu, wakampa yule wa dari. Mshindi akathibitishwa. Mwenyekiti bado mwenyekiti.

Leo asubuhi, kabla ya kufungua zahanati, nilikwenda kwa Hamisi. Nilimkuta uani anaziba pancha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilihofu nikiketi nitaanza kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, gundi ikamkaukia kidoleni.

"Kwa hiyo kile kilima sikukipanda mimi?"

 

Somoe alitoka jikoni. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, daktari. Ukaniambia jua." Akarudi ndani. Siku zote huniamkia shikamoo. Leo hakuniamkia, na mimi sikuwa na haki ya kuitegemea.

Hamisi akaniomba karatasi. Akasema Dar haendi, nafasi ni ya Anselmo, na barua iende mkoani, isipitie kwa Mwenyekiti. Maneno niliandika mimi, lakini jina alitaka kuliandika mwenyewe. Amejifunza kwenye kisomo cha watu wazima mwaka huu. Alilichora herufi moja moja, akipumzika katikati, kisha akaninyooshea karatasi bila kunitazama usoni.

Adhuhuri niliandika barua ya pili, ya kwangu, kwa mganga mkuu wa wilaya. Nimetaja dawa, idadi na siku, na jina la aliyetoa. Huenda nikafukuzwa. Kina mama wanaoleta watoto hapa watalazimika kwenda mjini kwa miguu mpaka aletwe mtu mwingine, na hilo nalo ni juu yangu.

Nimezifunga barua zote mbili. Lori la mjini hupita asubuhi, nami nitakuwa barabarani.

Ninachojiuliza ni kimoja tu. Nilimwona Hamisi chini, nikanyamaza. Nilimsikia Anselmo akiuliza, nikanyamaza. Kama Mwenyekiti angetosheka na vile vinne, ningesema lini?