Mguu Uliopimwa Ramadhani

Mtongwe, Likoni
18 Mei 2025

Mume wangu Habib,

Assalaam aleikum. Uniwie radhi, tangu Idd sijakuandikia. Na simu zako nilizijibu neno moja moja, kwa kuwa nikizungumza nalia, nikiandika najikaza. U hali gani na joto la Maskati? Mimi mzima, kasoro mguu.

Ule mguu wa bandia niliokusifia haunikai tena. Siku za mwisho za mfungo nilitembea nao hadi dukani kwa jirani yetu Jalila, akapiga kigelegele. Idd ikapita, ukawa adui. Kile kikombe chake, kinapoingia kigutu, kinanibana hata ngozi imechubuka. Nimerudi kwenye magongo, na magongo yataka mikono yote miwili. Ndiyo maana Safa yuko Kisauni kwa mama yako. Simbebi. Mtoto akilia, namtazama tu, Habib, mimi niliyemzaa?

Mfuko wa Idd ulifika. Mtandio ni mzuri. Ila tangu unioe hukosi kunitilia viatu. Mwaka huu niliupekua mfuko hadi chini.

Mkeo,
Mama Safa

*

Maskati
2 Juni 2025

Mke wangu Swabra,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Jua linatuchoma, kazi inakwenda. Nimewakumbuka mno.

Kuhusu viatu, niliingia dukani nikavishika. Muuzaji akaniuliza, "Namba ngapi?" Nikavirudisha. Tangu ile ajali yako ya bodaboda sijui niulize nini, ninyamaze nini. Nikanunua mtandio.

Mama asema Safa ameshamzoea, hata humwita mama. Asema abaki huko mpaka afike umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Naona si vibaya, upate kupumzika. Na mguu huo uache. Huku wapo mafundi hodari. Jipime kwa uzi, unitumie, nikutengenezeshee.

Mumeo,
Baba Safa

*

Mtongwe
15 Juni 2025

Mume wangu,

Assalaam aleikum. Natumai afya yako njema. Sisi twamshukuru Mungu.

Kigutu hakipimwi kwa uzi, hufungwa plasta ikaganda na kuchukua umbo lake. Nimerudi kwa Kahaso, yule fundi wa miguu. Amekigeuza kigutu huku na huku, kisha akaniuliza, "Plasta ya kipimo tulikupiga lini?"

"Kati ya Ramadhani, alasiri."

"Na saumu yako?"

"Sasa ningekula wapi, dada?"

Akajipiga paja. "Tulipima kigutu chenye kiu! Nyama ilikuwa imenywea. Umekula, umekunywa, imejaa. Nami nimezaliwa pwani hii, sikufikiri kuuliza!"

Akataka kujua nyumbani hukaa vipi. Nikamwambia: juu ya mbuzi nikikuna nazi, kwenye mkeka nikisali, chini nikimwogesha mwanangu. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Na mimi nimekupa mguu wa mtu wa kiti." Ukingo wa nyuma, unaonikata nikikunja goti, ataushusha. Kikombe atakitengeneza upya.

Habib, nampenda mama yako, na mema yake siyasahau. Lakini Safa hatakwenda chuoni akiwa hamjui mamake. Mwambie kwa adabu, mwambie leo: nakuja kumchukua, kwa miguu yangu.

Mkeo,
Mama Safa

*

Mtongwe
7 Septemba 2025

Mume wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Waonaje hali? Samahani, nimechelewa tena, ila safari hii mikono ilikuwa na kazi.

Barua yangu ya Juni hukuijibu. Lakini nilipofika Kisauni, nguo za Safa zilikuwa zimeshafungwa, zimewekwa mlangoni. Nikajua umesema na mama.

Safa alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Mama yako akamsukuma taratibu: "Nenda. Huyo ndiye mamako, mimi bibi tu." Hakuja. Nikakaa chini kwenye mkeka, goti likakunjika bila kunikata. Akasogea, akaugonga mguu kama mlango. "Odi?"

"Karibu," nikamjibu.

Akacheka. Nikamnyanyua, nikasimama naye. Nilimbeba hadi barabarani, na wallahi sikumpa mtu anipokee.

Plasta ya pili nilipigwa nimeshiba. Asubuhi navaa soksi moja juu ya kigutu, jioni kikombe kikilegea nazidisha ya pili. Sichubuki. Ila Safa sasa agonga kila kitu. Jana kaigonga picha yako ukutani, "odi, odi," akasubiri. Nikamtoa pale kwa kumpa embe.

Akipatikana msafiri, nitumie soksi za kigutu za pamba, zisizo na mshono, nene na nyembamba. Sabuni isiyo na manukato, maana yenye harufu hunichoma ndani ya kikombe. Nguo za Safa, za miaka miwili na kuendelea. Ulizotuma zilimkuta amekua. Na viatu vyangu vya Idd iliyopita, vya ngozi, kisigino kifupi. Muuzaji akikuuliza, namba ni ile ile, thelathini na nane. Vyote viwili.

Mkeo,
Mama Safa