Mashua Iliyokwama Rubona

Baba Keza, wangu uliyetangulia,

Leo nimeikuta ile mashua yako nyuma ya kabati, nikacheka peke yangu mpaka Keza akaja kuuliza kama niko salama. Nimwambie nini? Kwamba baba yake aliniposa kwa kandambili?

Unakumbuka mwaka ule wa tisini na tisa. Ulikuwa umerudi kutoka Tanzania, fundi redio wa Gisenyi mwenye maneno mengi kuliko redio zenyewe. Baba yangu alikuwa na mashua ya mizigo kule Rubona, kwenye Ziwa Kivu, na kila wiki rafadha ya injini, yale mapanga yanayozunguka majini, ilinasa kwenye nyavu za wavuvi, akarudi nyumbani akitukana. Wewe ulitaka kunioa lakini hata kumsalimia uliogopa, ukaona hapo ndipo pa kupitia. Ukamwambia utamtengenezea mashua isiyo na rafadha.

"Bon," akasema Baba. "Uilete kwanza nione. Kisha njo tutaongea ile ingine."

Ukachonga kandambili ikawa mashua ndogo ya kujaribia. Ukang'oa sumaku kwenye spika ya redio yangu, bila haya, ukaibandika chini yake, na pembeni ukaweka vipande viwili vya sufuria kuukuu, vikaungwa na betri. Ukanieleza kwamba umeme ukivuka majini kati ya vipande vile, sumaku itayasukuma maji nyuma na mashua itakwenda mbele. Sikuelewa kitu, lakini nilikuitikia kila neno.

Tuliijaribu uani kwetu, ndani ya beseni nililolowekea sambaza, wale dagaa wetu wa Kivu. Ikaenda! Polepole, ikitoa mapovu, lakini ikaenda. Uliruka kwa furaha ukanasa shingo kwenye kamba ya nguo.

Jumapili Baba akaja ufukweni Rubona na koti lake la misa. Ukaiweka mashua ziwani. Ikatulia tuli. Ukaipulizia.

"Mbona iko pale pale?" Baba akauliza.

"Inajipanga, mzee."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Beseni lile nilikuwa nimelitia chumvi viganja vitatu, ya sambaza; wewe ulidhani ni maji ya ziwa kwa kuwa yalikuwa na samaki. Nikakunong'oneza, ukashika kichwa: bila chumvi umeme hauvuki majini vizuri. Mtu mwingine angekubali yaishe. Wewe ukakimbia dukani, ukarudi na mfuko mzima, ukaanza kumwaga chumvi ziwani.

"Eh, we mutu!" Baba akapiga kelele. "Unataka kupika Kivu?"

Mashua ikasogea kiganja kimoja, wimbi likaja likairudisha. Ukabaki umesimama, suruali imelowa hadi magotini, karibu ulie. Baba alikaa mchangani kwa kucheka, na alipopata pumzi akasema, "Leta wazee wako." Nakumbuka ulivyonitazama, kama umeshinda vita.

Sasa ni mwaka tangu uondoke, na nyumba imekuwa kimya mno. Nimekukumbuka, na nina jambo nililokuficha miaka yote. Baba alikuwa ameshakubali tangu Jumatano. Mama alimuuliza mezani, akajibu, "Huyu kijana iko muzuri," akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale. Nilinyamaza, Baba Keza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivyo kwa ajili yangu, nikataka nikutazame siku chache zaidi.

Unisamehe. Zilikuwa siku nne tu, na mpaka leo hazijanitosha.

Mkeo,
Mama Keza