Manjano Ndani ya Rejeta

Bellevue, Johannesburg. Jumamosi, Julai 2017.

Baridi ya leo haina adabu. Asubuhi nimekuta maji ya ndoo uani yameshika barafu juu, na mimi mtoto wa Tanga mpaka leo sijazoea. Sasa ni jioni, nimevaa sweta mbili na kanga juu yake, chai imeshapoa. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampigia tena Bakari simu, na nikimpigia nitatukana.

Bakari amenisaliti.

Yeye ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake alifariki akimzaa, mama yangu akamchukua, akatunyonyesha sote wawili. Kwa hiyo kwa dini yetu ni kaka yangu kabisa: anaingia kwangu, anakula, anajinyoosha kwenye mkeka, na hakuna mtu wa kunisengenya. Katika mji huu wote yeye ndiye mtu pekee niliyempa ufunguo wa gari.

Gari lenyewe ni kuukuu, rangi imeanza kubabuka kwenye boneti. Lakini ndilo linalobeba masufuria yangu. Mimi hupika pilau za harusi na hitima, Doornfontein, Yeoville, popote wanaponiita. Bila gari sina kazi.

Jumatatu lilichemka. Nilikuwa napanda kilima, nikasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nikaona mshale wa joto umelala upande wa hatari. Nyuma moshi mweupe mzito, una harufu tamu kama ya sharubati iliyoungua. Nikajikokota hadi nyumbani, likazimika mbele ya geti.

Aliyetoka kunisaidia kulisukuma ni Mama Furaha. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani, anakaa chumba cha pili na jiko tunatumia pamoja. Alisukuma kwa nguvu zote, kanga imemdondoka, kisha akanipa namba ya fundi wa kanisani kwao, Papa Kasongo, mwenye gereji Jeppestown.

Sikumshukuru. Nitaeleza kwa nini, ingawa naona aibu.

Wiki mbili kabla ya hapo kopo langu la manjano lilikutwa nusu. Si manjano ya dukani. Ni ya shangazi, anayachimba mwenyewe, anayakausha, anayatwanga, ananitumia kwa mtu anayesafiri. Nikajua moja kwa moja ni nani. Jikoni tuko wawili, na mimi sijaiba vyangu. Nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba nyumba hii ina mdokozi mwenye mkono mrefu. Mama Furaha alikuwa anaosha sahani. Akamaliza, akajipangusa mikono, akatoka. Tangu siku hiyo hupika nikiwa sipo.

Na aliponisukumia gari, nilisema moyoni: anajikosha huyo.

Papa Kasongo alikuja Jumatano. Hakuharakisha. Alichomoa kijiti cha oili, akanionyesha: oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akafungua kifuniko cha rejeta gari likiwa baridi, akaniambia niwashe. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kisha mengi. Akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, maji na oili vimekutana. Wakalivuta mpaka Jeppestown.

Jana nilikwenda kuangalia likifunguliwa. Silinda hedi ilipotolewa niliona mwenyewe pale palipoungua, kati ya silinda ya pili na ya tatu, peusi, pameliwa. Fundi akalaza rula ya chuma juu ya hedi, akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ukapita chini ya rula. Imepinda.

Halafu akatia kidole kwenye njia za maji, akatoa tope. Tope la njano.

"Mama, iyi gari haikuanza kuchemka leo," akasema. "Kuko mutu aliitesa mbele. Alitia maji ya baridi motere ikiwa moto. Na iki kitu, sijue ni nini, kilifunga njia yote."

Mimi nilijua ni nini. Nilikinusa tu kidole chake nikajua. Baba yangu alikuwa na pikapu Tanga, na rejeta ikivuja safarini alikuwa anamimina manjano ili yazibe tundu afike nyumbani. Kesho yake anasafisha. Hapa Johannesburg watu wawili tu wanaijua dawa hiyo ya mzee. Mmoja ni mimi.

Nilisimama pale gereji na kanga yangu kichwani nikajihisi mjinga wa mwisho.

Bakari aliliazima gari sikukuu ya Idi, akaenda na wenzake Pretoria. Alilirudisha limeoshwa mpaka magurudumu, limejazwa mafuta. Nikamwombea dua! Nikampigia shangazi simu kumsifu.

Nilimpigia palepale gereji. Kwanza akasema hajui. Nikamwambia nimeshika tope mkononi. Hapo akasema, "Da Rehema, si mzee alikuwa anafanya hivyohivyo? Nilitaka kukuambia. Nikaona linakwenda."

Linakwenda. Wiki tatu nimelibebesha masufuria gari lililokuwa linajiunguza ndani kwa ndani, na yeye anaona linakwenda.

Gari ningemsamehe. Kweli, ningemsamehe, chuma ni chuma. Kinachonichoma ni kufuli.

Siku ile nilipomsema Mama Furaha, Bakari alikuwa ameketi mlangoni kwangu anakula wali. Alisikia kila neno. Hakuinua kichwa. Na kesho yake akaja na kufuli jipya, akalifunga mwenyewe kwenye kabati la jikoni, akaniambia, "Dada, watu wa hapa si wa kuwaamini." Nikamshukuru kwa macho ya machozi. Nikasema, ama kweli nina ndugu.

Leo mchana fundi amelifunga gari. Hedi ilikuwa imesagwa, imenyooka, gasketi mpya, njia za maji zimesuuzwa mpaka maji yakatoka meupe. Amekaza bolti kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, raundi tatu, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Akalitia maji yenye dawa ya kuzuia barafu, akanikanya nisitie tena maji matupu ya bomba. Tuliliacha lingurume muda mrefu. Mshale ukasimama katikati ukatulia.

Nilirudi naendesha mwenyewe na sikufurahi hata kidogo.

Nilikwenda moja kwa moja mlango wa Mama Furaha. Cherehani ilikuwa inalia, nikabisha, ikanyamaza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema tu: manjano aliyachukua Bakari, na mimi nilikusingizia, nisamehe.

Hakushangaa.

"Nilimuona," akasema. "Mangaribi ya Idi, wakati alirudisha gari. Alibeba ile kopo inje, akairudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Siku ile nilipomwita mwizi, kwa nini alinyamaza?

Alikata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Mama Rehema, ule ni ndugu yako. Mimi ningesema, ungeamini mimi?"



Alinipa kigoda nikakaa. Akaendelea kushona. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumuuliza mara ya pili.

Sasa niko chumbani. Bakari ametuma ujumbe mara tatu anaomba aje kesho tuongee, ananiita dada, dada, dada. Ziwa tulilonyonya ni moja, hilo siwezi kulifuta hata nikitaka. Ataingia, atakaa kwenye mkeka, nitampa chakula.

Lakini kabla ya chakula nitamchukua mpaka mlango wa Mama Furaha, akaseme mwenyewe alichofanya.

Kabati la jikoni nimeliacha wazi, na kopo la manjano liko mbele. Kufuli nimelifungua, liko hapa mezani na ufunguo wake. Kesho ataondoka nalo.