Koplo Wani Haondoki, Gaetano Anaondoka Ijumaa

Mpendwa Jaja Mirembe,

Nipokee kwa mikono miwili. Kila Jumatano gazetini nakusoma wewe kwanza, habari nyingine baadaye, nacheka shida za wenzangu, na leo zamu yangu imefika, naomba unijibu haraka kwa sababu Ijumaa tishari linaondoka bandarini kwenda Malakal na kuna mtu atakuwa ndani yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nilikulia Kitale, nikarudi nyumbani Juba, na sasa ninakaa mapokezi katika hoteli moja ya hapa Hai Amarat, na mchana wageni wakishaenda ofisini kwao mimi hufungua daftari langu juu ya kitabu cha wageni nikaandika riwaya, riwaya ya mauaji, Jaja, ya zamani, mwaka 1938, enzi za meli za moshi kutoka Khartoum, maiti ya mfanyabiashara wa simsim imepatikana bandarini Juba ndani ya gunia lake mwenyewe, na anayechunguza ni Koplo Wani wa polisi. Jaja, sijui nikueleze vipi huyu mtu. Ana baiskeli, ana kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe, hasemi sana, lakini hakuna kinachompita, akiona tope kwenye kiatu anajua hili ni la gati na hili ni la kisiwani, maana la kisiwani likikauka linakuwa jeupe, na shahidi akimwambia meli ilitoka Bor bila kusimama popote yeye anatabasamu tu, kwa sababu meli ya moshi inakula kuni na isiposimama kupakia kuni haifiki, basi shahidi anajikuta ameshikwa. Nampenda. Nimesema. Nikila chakula cha mchana nawaza yeye angeanza na kipande gani, na juzi mgeni wa chumba namba sita aliniuliza kama nimeolewa nikajibu, "Nusu."

Sasa kuna Gaetano. Gaetano ni mtu wa Kitgum, fundi wa injini za matishari pale bandarini, tumejuana miaka miwili, nilimtafuta mimi mwenyewe nikitaka mtu wa kunieleza mambo ya mto, na tangu hapo kazi yake imekuwa kujibu maswali yangu madogo madogo, kuni zilipakiwa wapi, tope likoje, kamba inafungwaje, babu yake alikuwa akikata kuni za meli hizo. Anakuja Jumanne na Alhamisi saa kumi, shati lile lile la kijivu, kifungo kimoja si cha ukoo wa vingine, ananukia sabuni ya kufulia mpaka wageni wanageuka, anakaa, anapewa chai, anauliza, "Leo unataka kujua nini, madam?" Ni mtu mwema. Lakini si mwerevu, Jaja, na mimi nimeshazoea mwerevu.

Nilimjaribu. Nilimpa kitabu chote isipokuwa sura ya mwisho nikamwambia anitajie muuaji. (Muuaji ni karani wa bandari, mtu wa mkono wa kushoto, na katika kitabu kizima nimedokeza mara moja tu kwamba anashika kalamu kwa kushoto, tafadhali gazeti lisichape sehemu hii.) Alisoma wiki mbili, kwa kidole, akarudi akakuna kichwa, "Mimi sijui, madam. Naona ni mpishi tu." Mpishi! Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Kesho yake akapita tena, akasema kitu kimoja, lile fundo la kamba kwenye gunia la maiti niligeuze, lilale upande wa pili, "Kama huligeuzi, mbele huko kitabu itakusumbua." Nikaligeuza, nikasahau.

Wiki tatu zilizopita akaniambia amepata kazi Malakal, ameshaonana na mjomba wangu Aguer kuhusu kunioa, na mjomba ambaye hajawahi kukubali hata mvua amekubali. Akasema, "Ukisema nibaki, nabaki. Ukisema twende, tunaenda. Lakini ukinyamaza, hiyo pia nitasikia." Tangu siku hiyo hajaja, ati ananipa nafasi, na mimi nimenyamaza, kwanza kwa sababu sura ya mwisho imenigomea, Koplo anasimama mbele ya karani hajui amkamate vipi, wiki ya tatu hii sijaandika hata mstari, pili mtu wa kwenda Malakal kwa tishari, baba yangu naye alipanda Desemba ile ya 2013 kwenda kumchukua nyanya ili tule naye Krismasi, na tatu siwezi kuolewa na mtu ambaye muuaji anapita mbele yake na kalamu mkononi na yeye hamwoni. Koplo angemwona.

Nifanyeje, Jaja? Nimwache Gaetano aende, au nimuue Koplo?

Ni mimi,
Mke Nusu, Hai Amarat

*

Mke Nusu, mwanangu,

Barua yako nimesomewa na Betty, jirani yangu hapa soko la Custom, anauza vitenge. Ameisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa ajili yake. Betty yuko upande wa Koplo. Anauliza kama ana kaka. Mimi shuleni sikuingia hata kuomba maji ya kunywa, kwa hiyo kalamu ni ya Betty na maneno ni yangu, akichomeka lake nitalijua.

Mhariri naye alitaka kuikata ile sehemu ya karani. Nimekataa. Bila karani kesi haisimami. Malesh, unisamehe, sasa Juba nzima inamjua muuaji wako, na wewe huna tena sababu ya kukichelewesha kitabu.

Pole, mwanangu. Nimesema pole, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Wewe unaandika habari za mpelelezi na macho yako umeyaacha wapi? Tope la kisiwani linakauka jeupe, nani alikuambia? Gaetano. Meli inakula kuni, nani alikuambia? Gaetano, tena na babu yake kaburini. Kamba je? Huyo Koplo umemvika kaptula na kumpa baiskeli, halafu ukachukua kichwa cha Gaetano ukampachika. Kisha unamgeukia Gaetano aliyebaki bila kichwa, unamwambia, "Wewe si mwerevu." Sijui huko kwenye vitabu wanakuitaje. Hapa Custom ungeitwa mwizi, na ungekimbia.

"Maswali madogo madogo." Haya. Mtu anatoka ndani ya injini ya dizeli, anafika kwako ananukia sabuni, wewe unalalamika kwamba ananukia sabuni! Ulitaka anukie nini? Mimi nauza mitumba miaka kumi na saba, shati linaniambia mambo ambayo mwenyewe angenificha. Kifungo kisichofanana na wenzake ni kifungo alichoshona mwenyewe, mwanamume peke yake, na sindano, na kidole kimechomwa. Shati moja kila Jumanne na kila Alhamisi si umaskini. Ni shati la kuja kwako. Yale mengine anayavaa kwenye injini.

Betty alipofika kwenye fundo nikamwambia, simama.

"Jaja, fundo si kitu, mapenzi yako huku mbele."

"Rudi kwenye fundo."

"Jaja, mjomba amekubali!"

"Betty, kalas, basi. Rudi kwenye fundo."

Mimi nafungua marobota ya nguo kila wiki, mwanangu. Nikishika kamba najua aliyefunga ni wa mkono gani. Nilimpa Betty kamba nikamwambia funga kwa kulia, akafunga. Nikamwambia sasa funga kwa kushoto. Fundo likalala upande wa pili. Betty akaliangalia, akaniangalia, akaweka kalamu chini, akasema, "Yesu wangu, alijua."

Alijua! Ulimpa kitabu bila sura ya mwisho. Umedokeza mara moja tu kalamu katika mkono wa kushoto, na yule anayesoma kwa kidole alipofika pale kidole kikasimama. Akajua ni karani. Akajua pia kwamba wewe, mwenye kitabu, umefunga gunia kwa mkono wa kulia, na mwisho wa safari watu watakucheka. Akaja kukuokoa kwa maneno mawili, akanywa chai, akaondoka.

Basi kwa nini alisema mpishi? Mtoto akija kwako ameficha kitu nyuma ya mgongo, macho yanang'aa, anasema, "Nimeshika nini?" na wewe unaona mkia wa paka umetokeza, unamjibu nini? Unasema, "Sijui, ni embe?" Anacheka mpaka anaanguka. Ulicheka mpaka mlinzi akaja. Ndicho alichokitaka yule mtu. Lakini na yeye namgombeza, maana najua atasomewa haya huko bandarini: Gaetano, mwanamke akikuuliza swali la kweli, usimpe embe. Umemfurahisha alasiri moja, umemkosesha usingizi wiki tatu.

Na hizo wiki tatu. Hujaandika mstari wiki tatu. Gaetano hajaja wiki tatu. Hata Betty ameona, na Betty ni mtu wa Koplo.

Sasa nitasema polepole.

Katika barua yako kuna maiti, na si ya yule wa simsim. Umeipitisha katikati ya "pili" na "tatu", mstari mmoja, kama mtu anayepitisha mzigo mbele ya askari. Baba yako alipanda tishari kwenda kumchukua nyanya mle pamoja Krismasi. Hukuandika kilichofuata, na mimi sikuulizi, Desemba ile ya vita tunaijua sote. Hii ndiyo sababu, mwanangu. Hizo nyingine mbili umeziweka kushoto na kulia ili nisiione. Humkatai Gaetano kwa ajili ya mpishi. Unamkataa mapema ili asije akakuacha kwa njia ile ile.

Koplo hatakwenda Malakal, ni kweli. Tangu 1938 hajasogea. Lakini pia hajawahi kukupokea mfuko ukitoka sokoni, na ukiumwa homa hatakuletea hata maji. Mimi nimezika waume wawili. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, kila akiondoka nilimwomba Mungu barabara isimchukue. Haikumchukua. Alifia kitandani, nimemshika mkono. Kwa hiyo sikuahidi kwamba kila tishari linarudi, anayekuahidi hivyo ni mwongo na usinunue kitu kwake. Ninachojua ni kwamba miaka tisa niliyokaa na dereva yule sitaki mtu anirudishie kwa chochote.

Sikiliza sasa. Gazeti linatoka Jumatano. Alhamisi saa kumi ni saa yake, na safari hii usingoje yeye aje. Funga kitabu cha wageni, yule wa namba sita atajichukulia ufunguo mwenyewe, mwambie nimeruhusu. Chukua daftari, panda boda mpaka bandarini. Ukimkuta, kabla ya yote mweleze habari ya baba yako, nzima, maana nina hakika miaka miwili umemuuliza kila kitu na hujamwambia hilo hata siku moja. Anakwenda Malakal hajui Malakal kwako ni nini. Akishasikia, mtajua wenyewe kama ni kubaki, au kwenda, au kwenda kwa ndege. Hapo Jaja hayupo.

Kisha mjibu. Kwa mdomo. Kama ni ndiyo, sema ndiyo na usiongeze maneno ya kitabuni. Kama ni hapana, mwangalie usoni useme hapana, mtu huyo hastahili kusafirishwa na ukimya wako siku zote hizo juu ya maji.

Koplo usimuue, amekosa nini? Mfungulie daftari pale pale kwenye gati, mwambie Gaetano, "Koplo amkamate karani vipi?" Nakuhakikishia jibu analo, amekaa nalo tangu siku ya mpishi, alikuwa anangoja uulize.

Na uvae viatu vya tope, si vile vya hotelini, gati linateleza wakati huu. Koplo wako angekuambia hivyo hivyo. Nani unadhani alimfundisha?

Jaja Mirembe,
Custom, kwenye marobota